Pengo Kwenye Wigo wa Mamba

Kila kijana anayekuja kunisalimia siku hizi, akishamaliza shikamoo, swali lake ni lile lile: "Babu, uliua mamba wangapi?" Hakuna hata mmoja anayeuliza ni watu wangapi hawakuliwa. Hilo halina utamu, naona. Basi leo nasema na ninyi mlioajiriwa juzi, mnaovaa kombati mpya na kupanda pikipiki ya ofisi. Msije mkadhani bunduki ndiyo kazi. Bunduki ni mzigo, tena mzito, na mara nyingi unafika nayo wakati mtu ameshachukuliwa.

Mimi ni Mmatengo wa milimani. Nimekulia kwenye kahawa na maharage, mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya mto unaouruka kwa hatua moja. Serikali ikanifundisha kazi ya wanyamapori, ikanipa sare, halafu kwa hekima yake ikaniteremsha Mbamba Bay nikapambane na mamba. Siku hizo pwani yote hii ya ziwa ilikuwa bado wilaya ya Mbinga. Kuogelea sijui mpaka leo. Sisi tuliofanya kazi ile watu walituita Bwana Nyama, kila mmoja wetu, kana kwamba mama zetu hawakutupa majina. Wanyasa, wenyeji wa ziwani, walikuwa wakinicheka: "Bwana Nyama, ukianguka majini tuokoe nini kwanza, wewe au bunduki?" Nikawajibu waokoe bunduki, maana bunduki imeandikwa ofisini na itaulizwa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa mwalimu wa chuoni. Alikuwa Mzee Saidi, askari wa zamani aliyezaliwa hapo hapo ufukweni, mtu wa kusinzia sinzia, ungedhani hana habari na dunia. Siku zangu za mwanzo nililenga mamba aliyelala kwenye mchanga, nikapiga, nikarukaruka kwa furaha. Tulipomfikia ilikuwa gogo. Mzee Saidi hakucheka. Akasema, "Vizuri. Umeua kuni. Beba twende tukapikie." Na kweli alinibebesha lile gogo mpaka kambini, kijiji kizima kinatazama.

Mzee huyo alinifundisha mambo ambayo nawapa bure. La kwanza, mamba anajifunza saa yako. Mwanamke anayeshuka na ndoo wakati ule ule, mahali pale pale, mamba amemwangalia siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo waambieni watu wabadilishe saa, wabadilishe mahali, na wateke kwa kata yenye mpini mrefu. La pili, matumbo ya samaki yasitupwe karibu na pa kuteka maji. Unaita mgeni, halafu unashangaa amefika. La tatu ndilo gumu kwa watu kulielewa. Mamba hawezi kummeza mtu mzima mzima. Humficha chini ya mizizi au ndani ya matete, kisha hujificha na yeye. Yule unayemkuta ameanika tumbo juani, kinywa wazi, karibu kila mara siye. Mtu akichukuliwa, usianze na bunduki, anza na matete.

Nyie mnaandika kwenye simu, sawa, andikeni. Lakini sikilizeni na habari ya wigo.

Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa kuelekea Kihagara, jina lake nitaliacha, mahali mto mdogo unapoingia ziwani. Matete yamejaa, mamba hawakosekani. Wenyeji walikuwa wamejijengea wigo majini, pale wanawake wanapoteka maji na kufua. Nguzo za mti mgumu zimechomekwa kwenye mchanga chini ya maji, zimekaribiana kiasi kwamba mkono unapita, kichwa cha mamba hakipiti. Uzuri wake ni kwamba haukuwa wigo wa kijiji tu, ulikuwa wigo wa miji, yaani wa kaya. Kila mji una nguzo yake. Ikioza, mji huo unaleta nyingine, hakuna kumsubiri mwenyekiti. Mwanamume akioa, siku ya harusi anashuka majini na suruali yake nzuri anachomeka nguzo yake, wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo anahesabiwa mwenye mji. Na wanawake nao, kwa mazoea tu, kila mmoja huteka maji penye nguzo ya mumewe. Hakuna aliyewaamuru.

Mimi nilikuwapo siku Ditrick alipochomeka yake. Ditrick hakuwa mwenyeji. Alitoka huko juu kwa Wampoto, akaja kuvuta nyavu za watu, mpole, mchapakazi, akampenda Kandida. Kandida alikuwa na mdomo, jamani! Kwenye karamu aliniona nahangaika na ugali wa muhogo, akaniambia mbele za watu, "Shemeji Bwana Nyama, ugali wetu hautafunwi, unamezwa. Au huko kwenu mnatafuna hata uji?" Nilipaliwa kwa kicheko. Ditrick alisimama pembeni, suruali inachuruzika maji, anacheka mpaka machozi. Nadhani ndiyo siku aliyojiona kwamba sasa ana kwao.

Halafu likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mmelikuta, hamwezi kujua lilivyoingia. Zamani usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, ulivuliwa wa kula na wa kubadilishana na mahindi ya watu wa juu. Ghafla wafanyabiashara wakaanza kuteremka na malori kutoka Mbinga na Songea, kila mtu na lori lake, wanataka usipa mkavu, mwingi, na leo. Usipa hauanikwi hewani. Unataka vichanja, na vichanja vinataka nguzo. Miti ya karibu ilikwisha upesi. Watu wakageuza macho wakaona nguzo nzuri zimesimama majini, ngumu, hazina mlinzi.

Wakaanza kuazima. Ndilo neno walilotumia. Unang'oa nguzo yako asubuhi, unategemezea kichanja, lori likiondoka unairudisha. Ukikumbuka.

Niliitisha mkutano. Nikasema mpaka sauti ikakauka. Bosko, kaka yake Kandida, ndiye aliyekuwa na vichanja vingi kuliko wote, akasimama kwa madaha: "Bwana Nyama, mamba mwenyewe ameshakimbia makelele ya malori. Wewe rudi Mbamba Bay ukapumzike." Watu wakacheka, na mkutano ukaishia hapo. Hata Ditrick alicheka, ingawa aliinamisha kichwa.

Mwaka huo huo ofisi nayo ikapunguza watu. Mzee Saidi akaambiwa apumzike, akarudi kwake bila hata chai ya kuagwa. Nikabaki peke yangu na pwani yote ile, baiskeli, bunduki moja na risasi za kugawiwa kama dawa. Gari la idara lilikuwa juu ya mawe Mbinga. Kwa upande wa pili vibali vya kuwinda mamba kwa ajili ya ngozi vikaanza kutolewa kwa watu binafsi, wenye boti za injini na mifuko tele ya risasi. Mimi wa kulinda watu sina mafuta, yeye wa kutafuta ngozi anayo. Nilikuwa na hasira siku zote hizo, siwafichi.

Sasa basi. Siku moja usipa ulikuwa umejaa mpaka watu wanaumwaga kwenye mikeka, na lori limesharipotiwa kwamba linashuka mlima. Ditrick alipungukiwa nguzo moja ya kichanja. Akaenda akang'oa yake. Akamwambia mkewe, "Kesho nachomeka mpya, hii imeanza kuchoka." Jua lilikuwa bado juu kidogo Kandida aliposhuka na ndoo pamoja na wanawake wengine. Akasimama mahali pake pa kila siku. Wenzake waliniambia hakupiga hata kelele. Ndoo ilibaki inaelea ndani ya wigo.

Taarifa ilinifikia kesho yake alfajiri. Nilipofika nilishuka moja kwa moja kwenye wigo, na hapo ndipo nilipoumia moyo. Wiki chache kabla nilikuwa nimeuona wigo ule una mapengo kama kinywa cha mtoto. Asubuhi ile ulikuwa kamili. Nguzo zote zipo, zimesimama. Pengo lilikuwa moja tu, la Ditrick. Nikaingia maji ya magotini nikazishika zile nguzo. Nyingi zilikuwa na matope mabichi, juu yake magamba ya usipa yanang'aa, na zinanuka kichanja. Ya Bosko ilikuwa mojawapo. Usiku ule, wakati Ditrick yuko kwenye matete na kijinga cha moto anamwita mkewe, wenzake walikuwa wanarudisha nguzo zao kimya kimya.

Nilisema. Nilipanda juu kwenye msiba nikasema mbele ya wote, "Nguzo zenu zina magamba ya usipa. Wote mlikuwa mmeng'oa. Mamba amepita kwake, angeweza kupita kwa yeyote."

Watu wakaangalia chini. Bosko hakuangalia chini.

"Bwana Nyama," akasema, "kazi yako ni mamba. Ya ukoo tuachie wenyewe. Pengo tunaloliona ni moja." Akamgeukia Ditrick, aliyekuwa amekaa chini kwenye vumbi, nguo zimemkaukia mwilini. "Wewe shemeji, tuletee dada yetu tumzike. Ukimleta, tutakaa na wewe tuzungumze kama watu. Usipomleta, hapa huna mji na mtoto huna."

Mtoto alikuwa wa kike, ndiyo kwanza anatambaa. Bibi yake alikuwa ameshamfunga mgongoni.

Nikaomba basi pengo lizibwe hata leo, wanawake bado wanateka pale. Nikaambiwa lisiguswe. Nguzo ya mji haichomekwi na mtu wa mji mwingine, na Ditrick mwenyewe akichomeka sasa atakuwa anafuta ushahidi. Liachwe mpaka ukoo ukae. Ebo! Nilipiga kelele, nikamwita mwenyekiti wa kijiji, naye akaniambia, "Afisa, msiba ni wa watu." Kwa hiyo wigo ukabaki na shimo lake, na wanawake wakawa wanateka kandokando yake kwa woga.

Ditrick alinijia nyuma ya nyumba. "Bwana Nyama, nisaidie nimpate. Sitaki kitu kingine."

"Tutaanza na matete," nikamwambia.

Lakini kijiji hakikutaka matete, kilitaka mlio. Watu walipeleka habari kwa mmoja wa wale wenye vibali vya ngozi, akaja na boti yake na miwani ya jua. Nje kwenye kisiwa cha mchanga alikuwa amelala dume kubwa, nene, kila mtu analijua. Nilimwambia yule bwana siye huyo. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, kibali changu hakisemi yupi." Akapiga. Mamba akavutwa ufukweni, watu wakaimba, wakaupiga mateke mzoga. Mamba alipopasuliwa, Ditrick alipiga magoti mbele kabisa. Tulikuta mawe, mifupa ya samaki na kipande cha wavu. Ditrick akaendelea kupekua kwa mikono ile ile mpaka nikamshika mabega nikamwinua. Ngozi ikapanda boti. Watu wakarudi kwenye vichanja wakisema kazi imekwisha, mamba ameuawa.

Bosko akapita karibu yetu. "Tumbo tupu, shemeji," akasema.

Tuliingia matete mimi na Ditrick, kwa mtumbwi wa kuazima. Yeye anapiga kasia, mimi nimekaa mbele na bunduki magotini, nimeshika ukingo kama mtoto. Tulikwenda asubuhi, tukarudi jioni, tukaenda tena. Katikati ya matete aliniuliza, "Bwana Nyama, mtu anaweza kuwa hakusikia maumivu?" Nikamwambia mara nyingi ni maji yanayomaliza, tena upesi. Hiyo ni kweli, sikumdanganya. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kupiga kasia.

Unapotafuta hivyo, vijana, usitumie macho kwanza. Tumia pua, na angalia nzi wanaelekea wapi, na mijusi kenge wanatoka wapi. Kenge ndio waliotuonyesha. Alikuwa ameingizwa chini ya mizizi, mahali ambapo mtumbwi haupiti, na Ditrick akashuka majini kabla sijamzuia. Sitawaeleza tulichokiona. Tuliweza kumtambua, inatosha. Alivua shati lake akamfunika, akambeba kama unavyombeba mtu aliyelala, akamlaza kwenye mtumbwi. Kisha akaniangalia, na naapa uso wake ulikuwa na nafuu.

"Sasa watanisikiliza," akasema. "Nimemleta."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akimwambia maneno kwa sauti ndogo, ya nyumbani tu: mtoto ameota jino, kichanja ameshakivunja. Mimi niliangalia mbele.

Wanawake walipotuona wakaanza kulia. Bosko na wadogo zake wakaja mpaka majini, wakampokea dada yao, wakamfunga kwenye shuka nyeupe. Na Bosko naye alikuwa analia, nisimnyime haki yake, alilia kwa sauti mpaka akapoteza pumzi. Alipoipata akasema, "Asante kwa kumleta. Kaburini usije."

Ditrick akasema, "Ulisema tutakaa tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Tumeshamwona alivyo."

Nilijaribu kuingilia. Katekista, aliyekuja kuongoza sala, naye akajaribu, akasema mume ana haki ya kutia udongo. Wadogo zake Bosko wakasimama njiani na makasia mikononi. Basi. Maiti haikuweza kungoja, kila mtu alijua, kwa hiyo tukapanda kuelekea makaburini tukamwacha amesimama ufukweni bila shati.

Tulikuwa katikati ya sala tuliposikia sauti kutoka chini. Ko. Ko. Ko. Mti unagongwa. Watu wakaanza kuangaliana. Bosko akainua kichwa: "Anafuta ushahidi huyo!" Akataka kutoka, mama yake akamshika nguo akamwambia akae, amzike dada yake. Katekista akaongeza sauti ya sala. Mimi nikachukua bunduki yangu niliyokuwa nimeiegemeza mtini, nikateremka.

Nilimkuta majini. Alikuwa ameichukua nguzo yake kwenye mabaki ya kichanja, anaigongea kwenye lile pengo kwa jiwe kubwa. Lakini alikuwa amesimama upande wa nje wa wigo. Mtu hachomeki nguzo akiwa nje. Watu wote huzichomeka kwa ndani, hata mimi wa milimani nalijua hilo.

"Mdogo wangu, pita huku ndani," nikamwambia.

"Kwa ndani haikai vizuri."

"Ditrick. Una mtoto."

"Wamemchukua." Akagonga tena. Bila kugeuka akasema, "Bwana Nyama, nakuomba kitu kimoja. Ukimwona mamba anakuja, usipige."

Nikatia risasi chemba, nikaifunga bunduki kwa nguvu makusudi aisikie. Nikamwambia nitapiga. Akaendelea kugonga.

Alimaliza. Akaishika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa, haikucheza. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakutoka. Alisimama pale pale nje, maji yanamfika kifuani, ameupa wigo mgongo, anatazama ziwa. Nilimwita, nikamsihi, nikamtukana pia. Nikabaki nimesimama mchangani na bunduki begani, macho yananitoka machozi kwa mwanga wa maji, natafuta pua na macho ya mamba kila penye kiwimbi.

Wanawake wakateremka kutoka mazikoni na ndoo zao, maana msiba unataka maji ya kupikia. Walipomwona wakasimama. Wakaweka ndoo chini.

Mamba hakuja. Ditrick alimsubiri mpaka mwili ukaanza kumtetemeka kwa baridi. Ndipo akazunguka wigo akatoka mwenyewe, akapita katikati yetu huku maji yakimchuruzika, akashika njia ya mlimani, hakugeuka. Sijamwona tena.

Wanawake wakachukua ndoo zao, wakaingia majini, kila mmoja penye nguzo yake, wakateka.